Ella Flagg Young wa Chicago: mafanikio yake hasa ni yapi?

Mwanafunzi_Maseno

Habari zenu walimu. Nasomea uzamili wa usimamizi wa elimu hapa Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, na siku za wiki nafundisha shule ya upili upande wa Kisumu Magharibi. Tumepewa kazi ya kuandika juu ya kiongozi mmoja wa elimu ya umma kutoka nchi nyingine: safari yake ya kazi na mafanikio yake. Nimemchagua mama mmoja wa Marekani, Ella Flagg Young, aliyekuwa msimamizi mkuu wa shule za umma za Chicago tangu 1909 hadi 1915. Kila ninaposoma, sifa ni ileile: mwanamke wa kwanza kuongoza shule za jiji kubwa Marekani. Halafu mwaka 1910 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais wa chama cha kitaifa cha elimu cha huko.

Nikiandika hayo tu, ukurasa mmoja haujai. Alifanya nini akiwa ofisini? Tena kuna jambo linanitatiza. Alijiuzulu 1899. Akajiuzulu tena 1913, akabembelezwa akarudi, na kabla mwaka haujaisha bodi ikampa mtu mwingine kiti, kisha kiti kikarudi kwake. Mtu wa namna hiyo unamwandikia mafanikio gani? Wanaomfahamu, au waliowahi kukalia viti vya elimu, naomba mnisaidie.

MamaMkaguzi, Kakamega

Mwanangu, umemchagua mtu mzuri. Mimi nimestaafu. Nilianza na cheti cha P1, kile cha ualimu wa shule ya msingi, nikafundisha darasa la kwanza, nikawa mwalimu mkuu, nikaingizwa ukaguzi, na nilipong'atuka nilikuwa afisa wa elimu wa wilaya huku Magharibi. Huyo mama nilikutana naye kwenye kozi ya usimamizi, mkufunzi alipotugawia kurasa chache za tasnifu yake. Wenzangu waliziacha mezani. Mimi zangu ninazo hadi leo.

Kwanza, usianze na 1909. Anza na 1862, mwaka alioingia darasani akiwa na miaka 17. Alifundisha watoto wadogo, akasimamia shule ya mazoezi ya walimu wanafunzi, akawa mwalimu mkuu, na 1887 akapandishwa kuwa msaidizi wa msimamizi mkuu. Kiti kikuu alikipata akiwa na miaka 64. Mwalimu wa Kenya katika umri huo ameshastaafu miaka minne iliyopita! Kwa hiyo alipoingia ile ofisi, hakuna kazi ya shule ambayo hakuwa ameifanya kwa mikono yake mwenyewe. Hilo peke yake lina uzito, kwa sababu nimefanya kazi chini ya wakubwa ambao hawakuwahi kumshika mtoto mkono akiandika herufi, na walimu waliwatambua kabla hawajamaliza kusalimia.

Pili, kujiuzulu kwa 1899 kusikutatize. Ndiko kunakoeleza mengine yote. Kuanzia mwaka 1898 Chicago ilikuwa chini ya msimamizi mkuu aliyetoka kuongoza chuo kikuu, E. Benjamin Andrews, na yeye aliendesha shule kwa amri. Young alikuwa amezoea kuwakutanisha walimu wa eneo lake wajadili kazi yao. Akaona atakuwa mtu wa kupokea amri juu na kuzishusha chini, basi akaondoka. Alikuwa tayari ameanza kusoma kwa John Dewey, mwanafalsafa wa elimu, pale Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1900, mama wa miaka 55, akapata shahada ya uzamifu. Akafundisha hapohapo hadi 1904. Dewey mwenyewe alikiri kwamba mambo mengi kuhusu shule alijifunza kwa mama huyu.

Sasa ile tasnifu. Anasema shule zimejengwa kwa kutenganisha watu. Walio juu wanafikiri, mwalimu anatekeleza. Mtaala umeandikwa na wengine, vitabu vimechaguliwa na wengine, na mkaguzi anakuja kutazama kama amri imefuatwa. Mwalimu akikaa hivyo miaka mingi, akili yake inaacha kufanya kazi darasani, na hakuna namna atafundisha mtoto kufikiri kwa uhuru ilhali yeye mwenyewe hana uhuru huo. Nilisoma hayo nikakumbuka jinsi gari letu lilivyokuwa likiingia shuleni. Mtoto mmoja anatumwa mbio madarasani, "wakaguzi wamekuja!" Mwalimu aliyekuwa anafundisha vizuri anaacha, anaanza kutafuta azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi. Tunakagua karatasi, tunatia sahihi, tunakunywa chai kwa mwalimu mkuu, tunaondoka. Ni nani kati yetu aliyemuuliza mwalimu yule, "Kitu gani kinakukwamisha kwenye darasa hili?"

Basi 1909 alipopata mamlaka, alirudi palepale alipoachia: mabaraza ya walimu. Mwalimu wa kawaida wa darasa alikaa na wenzake kujadili mtaala na njia za kufundisha, na maoni yao yakapanda hadi ofisi kuu. Hili ndilo liweke la kwanza kwenye karatasi yako. Kuwa mwanamke wa kwanza ni heshima aliyopewa na waliomchagua, lakini mabaraza aliyaweka yeye.

Yapo mengine. Alisukuma masomo ya ufundi katika shule za upili. Mwaka 1913 alianzisha mihadhara ya afya ya uzazi kwa wanafunzi wa shule za upili, jambo ambalo hakuna jiji kubwa la Marekani lililokuwa limethubutu, na likamletea maadui. Hayo utayapata kwa urahisi.

MwalimuMkuu_Rongai

Madam, nakuheshimu sana na nimejifunza, lakini ngoja niseme kutoka huku Nakuru. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye sekondari ya msingi ndani yake. Kumlinganisha mama huyo na maafisa wetu si haki kwa maafisa wetu. Msimamizi mkuu wa Chicago alikuwa na shule zote mkononi: walimu, mtaala, vitabu. Kwetu Katiba ya 2010 iliwapa TSC, ile tume ya walimu, kuajiri na kuhamisha walimu, chekechea zikaenda kwa kaunti, mitaala inaandikwa Nairobi, na wizara ina mkurugenzi wake wa elimu katika kaunti hiyohiyo ambayo TSC nayo ina mkurugenzi wake. Nikiwa na shida ya mwalimu naenda ofisi moja, ya choo kilichotitia ofisi nyingine. Huyo afisa atafanya mafanikio gani ikiwa hana hata uwezo wa kunihamishia mwalimu wa hisabati? Mwanafunzi wetu akiandika kwamba Kenya tuige Chicago, mwalimu wake atamuuliza maswali hayo.

MamaMkaguzi, Kakamega

Mwalimu Mkuu, asante. Hayo ni ya kweli na ayaandike. Lakini usidhani yule mama alikuwa na rungu. Bodi ya elimu ya Chicago iliteuliwa na meya, na bodi ndiyo iliyoshika fedha na kura ya mwisho. Yeye alipendekeza. Mwaka 1913 wajumbe kadhaa walikuwa wakiingilia kazi za ofisi yake hadi akaona hawezi tena, ndipo akaandika barua ya kujiuzulu Julai. Wakamsihi abaki. Desemba wakapiga kura ya siri wakamchagua msaidizi wake badala yake.

Kilichofuata ndicho kitu ninachotaka kijana huyu akielewe. Wanawake wa Chicago walifanya mikutano mikubwa kumtetea. Illinois, jimbo lenye Chicago, lilikuwa limewapa wanawake haki ya kupiga kura za rais na za miji mwaka huohuo wa 1913, kwa hiyo meya, Carter Harrison, hakuwa na njia ya kuwapuuza. Akawaondoa baadhi ya wajumbe wa bodi, wakaingia wengine, na mama akarudi kitini. Jiulizeni, walimu na wazazi wangapi wa Kenya wangejaza ukumbi kumtetea mkurugenzi wa elimu? Walimu wa Chicago, wengi wao wanawake wa shule za msingi waliokuwa na shirikisho lao chini ya Margaret Haley, walijua wanachopoteza. Mwaka 1915 bodi ikapitisha kanuni ya kuwakataza walimu kuwa katika shirikisho hilo, na mwisho wa mwaka huo mama akastaafu. Alikuwa na miaka 70.

Sasa turudi kwetu, maana umesema afisa wetu hana kitu. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, mimi nilikuwa kazini. Januari ile watoto waliingia shuleni wengi kuliko madawati, wengine wakubwa kuliko madarasa yao, na tukawapanga hadi chini ya miti. Serikali ilituma Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: Sh650 ziliingia akaunti ya vifaa vya kufundishia, ile tuliyoiita Simba, na Sh370 akaunti ya matumizi mengine. Na mwongozo ulisema wazi kwamba vitabu vichaguliwe na kamati ya shule yenye walimu wa masomo na wawakilishi wa wazazi, kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa. Hiyo haikuwa mamlaka yangu. Ilikuwa mamlaka ya mwalimu wa darasa, kwa maandishi.

Je, walitumia? Shule nyingi nilizopitia, mwalimu mkuu alichagua peke yake, au alichagua mwenye duka la vitabu, halafu walimu wakaletewa muhtasari watie sahihi. Kazi yangu ikawa kuuliza swali moja kila shule: naomba kumwona mwalimu wa darasa la pili, anieleze kwa nini kitabu hiki cha Kiswahili na si kile kingine. Mwanzoni walishindwa kujibu. Baadaye ilijulikana zoni nzima kwamba yule mama atauliza, na wakaanza kukaa kweli, kubishana kweli. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alinionyesha kwamba kitabu walichokikataa kilikuwa na maandishi madogo na sentensi ndefu ambazo watoto wake wanaozungumza Kiluhya nyumbani wasingeziweza. Sikuwa nimeliona hilo mimi, na nilikuwa mkubwa wake. Ukiniuliza mafanikio yangu, sitakutajia wastani wa wilaya katika KCPE, uliokuwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Nitakutajia mwalimu yule.

Na tangu Januari 2018 serikali inanunua vitabu yenyewe na kuvipeleka shuleni, kwa sababu fedha zilikuwa zikiliwa. Vitabu vimefika, hilo nalishukuru kwa moyo wote, mtoto ana chake. Lakini lile baraza dogo la walimu likafa bila matanga. Tuliziba mwanya wa wizi na pamoja nao tukaziba mdomo wa mwalimu, na bado sijasikia afisa yeyote akilizungumza.

MwalimuMkuu_Rongai

Hapo kwa vitabu umenigusa, Madam. Tumepokea vitabu vya somo moja zaidi ya watoto tulio nao, na vya somo lingine hatujaona. Hakuna aliyetuuliza.

CSO_Bungoma

Samahani wakubwa, naomba niingie. Mimi ni CSO, afisa wa kuwasaidia walimu kutekeleza mtaala, bado mchanga kazini, nina shule nyingi katika zoni na pikipiki moja. Nikifika shuleni walimu wananiona mtu wa TPAD, ule mfumo wa TSC wa kutathmini walimu, wa kuhesabu alama tu. Mama Mkaguzi, mabaraza hayo naweza kuyaanzisha vipi bila waraka kutoka juu? Nikisubiri waraka nitastaafu.

Mwanafunzi_Maseno

Mama, asante sana, sasa nina kitu cha kuandika. Nimeamua kuipanga karatasi kuanzia 1899, kwa nini aliondoka, kisha 1909, alirudi na nini, kisha 1913, nani walimtetea. Swali langu la mwisho: alikufaje? Na mimi pia ningependa kusikia jibu la mwenzetu wa Bungoma.

MamaMkaguzi, Kakamega

Mpangilio huo ni mzuri, mwanangu. Ongeza tu mstari juu ya miaka aliyoongoza chuo cha walimu cha Chicago, 1905 hadi 1909, maana walimu vijana waliopita mikononi mwake ndio aliowakuta madarasani alipokuwa mkuu. Alifariki Oktoba 1918 mjini Washington katika ile homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani, akiwa anafanya kazi ya kuhamasisha wananchi wanunue dhamana za serikali wakati wa vita. Alikuwa na miaka 73 na hakuwa amepumzika.

Kijana wa Bungoma, waraka hauhitaji. Mikutano ya walimu wa zoni unayo tayari kwenye ratiba yako ya muhula. Chukua mmoja. Chagua jambo moja tu linalowauma, kwa mfano watoto wa gredi ya nne wasioweza kusoma, na watumie ujumbe mapema ili waje wamelifikiria. Wachague mwenyekiti na katibu miongoni mwa walimu wa darasa. Walimu wakuu wasiwe ndio hao, mwenye cheo akishika kalamu wadogo watanyamaza. Wewe keti nyuma na simu yako mfukoni, na usilete fomu hata moja siku hiyo. Wakitaka uondoke, ondoka, kaa nje chini ya mti. Katibu atakuletea walichokubaliana. Yale yaliyo ndani ya uwezo wako yafanye kabla ya mkutano unaofuata, hata kama ni madogo, na yale yaliyo juu yako yapeleke kwa mkurugenzi wa kaunti ndogo kwa maandishi, nakala uwape walimu waione. Wakiiona hiyo nakala, mkutano wa pili watakuja wengi. Ukikwama, andika hapa, nitakujibu.