Kaunti inakunyima kibali cha ujenzi, haina kamati ya rufaa, halafu mahakamani inakuuliza mbona hukupitia kamati

Wadau, huu mchezo wa kaunti zetu za Kenya umezidi. Mtu ameleta michoro, ada amelipa yote, msanifu majengo na mpangaji miji waliosajiliwa wametia sahihi. Anazungushwa wiki nzima nzima, kisha anapewa barua ya mistari miwili: ombi limekataliwa, "halikidhi masharti ya mipango". Masharti yapi? Hawasemi. Na kifungu cha 47 cha Katiba kinawadai sababu kwa maandishi!

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, kifungu cha 61, inampa aliyekataliwa siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti, ile mawakili wanaita liezoni. Siku hizo zinahesabiwa tangu uamuzi ufanywe, na hapo ndipo watu wengi wanaangamia. Barua imeandikwa tarehe 3, karani anakukabidhi tarehe 16. Umebakiwa na siku moja. Kwa hivyo usiondoke kaunta kabla hawajagonga muhuri wa tarehe uliyopokea kwenye nakala yako. Kama jibu lilikuja kwa mtandao, hifadhi barua pepe na picha ya ukurasa wenye saa. Usingoje wakili amalize kuandika hoja ndefu. Peleka rufaa fupi siku hiyo hiyo, omba ndani yake uongezewe muda, na barua ya kudai sababu iende kando. Chini ya sheria ya haki katika maamuzi ya kiutawala ya 2015, kifungu cha 6, ofisi ikikataa kutoa sababu ulizodai, uamuzi huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri mpaka wathibitishe vinginevyo. Hiyo ni silaha, lakini lazima uwe na nakala ya barua yako yenye muhuri wao.

Sasa kamati yenyewe. Sheria inaitaka isikilize na kuamua ndani ya siku 14. Lakini ziko kaunti ambako ukiuliza inakaa wapi, unaelekezwa ofisi ile ile iliyokukataa! Ukichoka ukaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakili wa kaunti anasimama na pingamizi: hujamaliza njia za ndani, kesi itupwe. Na inatupwa kweli, kwa sababu tangu kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Karume ya 1992 mahakama zetu zinashikilia kwamba njia iliyowekwa na sheria ndiyo ifuatwe kwanza.

Dawa ipo, watu hawaitumii. Kifungu cha 93 cha sheria hiyo ya 2019 kinasema kabla kamati hazijaundwa, migogoro ya mipango isikilizwe na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usidai tu kwamba kamati haipo, leta ushahidi. Andikia kaunti ukiuliza kamati iliundwa lini na karani wake ni nani, uambatanishe barua hiyo na jibu, au na kiapo kwamba hukujibiwa. Pia, kifungu cha 9(4) cha ile sheria ya 2015 kinaruhusu mahakama kukusamehe hatua ya kupitia kamati, ila kwa ombi. Ukitaja jambo hilo kwenye hoja za mwisho tu, umechelewa.

Kamati ikiwepo na ikakukataa, mahakamani peleka hati ya rufaa, uamuzi, mwenendo wa kikao na michoro yote. Usipitishe siku 30. Usiombe jaji akupe kibali. Omba uamuzi ufutwe na kaunti iamriwe kuamua upya kwa muda uliotajwa. Wengi husahau huo muda, wanashinda kesi halafu faili inarudi kulala.

Kuna wanaosema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi kibali kimeshatolewa. Kifungu cha 58 cha sheria ya 2019 kinasema hivyo, ndiyo. Ila kaunti itadai ombi halikukamilika, siku hazikuanza kuhesabiwa. Kujenga bila kibali ni faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miezi 2, au vyote. Shika kwanza risiti ya ombi kamili.

Ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, msiyachanganye na haya. Leseni ya mazingira ina jopo lake, na siku zake ni 60.

Tunachodai si kikubwa: barua ya kukataa ibebe sababu, tarehe halisi ya kutolewa, na mahali kamati inapokaa. Kama hakuna kamati, waandike hapo hapo kwamba hakuna.