Kobe, dawati na bomu la atomiki

mwana_uyole: Wakuu ugonile, jana umeme uliporudi nikaangalia ile sinema ya Marekani ya 1951, kobe Bert anafundisha watoto wakiona mwanga wa bomu la atomiki wazame chini ya dawati wafunike shingo. Aisee bomu la atomiki, dawati!! Mnazionaje hizi sinema za mafunzo?

kihesa_juu: Hahaha la kwetu lilikuwa miguu mitatu na tofali, ukizama linakuua lenyewe kabla ya bomu

mama_viazi: Mie ile sauti ya msimuliaji sasa, mtoto kaporomoka na baiskeli yeye wala hashtuki, utadhani anasoma matangazo ya vifo

mzee_tukuyu: Cheka tu kijana, Waingereza 1935 hadi 1937 walitengeneza za hivyo Vugiri kule Tanga, hadi ya safura, ule ugonjwa wa minyoo

mwana_uyole: Safura nayo ilikuwa stelingi?? 😂