Shule ya watoto wa machifu: ilipangwa au ilitokea tu?

Mdau wa Buguruni:
Wakuu, jana kwenye daladala ya Gongo la Mboto mzee mmoja kaniambia Shule ya Tabora iliwalenga watoto wa machifu. Babu yangu alichunga ng'ombe, akaishia darasa la pili. Ilipangwa?

Mwalimu Mstaafu:
Ilipangwa, mwanangu. Miaka ya 1920 Mwingereza alitawala kupitia machifu, kwa hiyo alitaka warithi wao wajue kuandika, kuhesabu kodi na kutii. Mjerumani kabla yake alifungua shule Tanga apate makarani na maakida, yaani watumishi waliomsimamia wilaya ndogo. Tena shule zilitengwa kwa rangi: Wazungu zao, Wahindi zao, sisi mwisho wa foleni. Nimeshika chaki miaka 31, bado linaniuma.

Mdau wa Buguruni:
Shikamoo mwalimu. Ila Nyerere si alisoma hapohapo?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Ndiyo, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki! Kisu walikinoa wenyewe. 1967 akaja na sera ya Elimu ya Kujitegemea, masomo pamoja na kazi za mikono, nasi tukalima mihogo nyuma ya darasa. Mihogo ilikuwa michungu, lakini tuliila.

Mama wa Tandika:
Siku hizi chifu ni ada, jamani. Muhula huu nimeuza cherehani.