Pikipiki ya safari iliyotumika: nikague nini, na taa nizifungeje?

Swali: Wakuu, nimepata pikipiki ya safari ndefu, cc 650, ina km 40,000. Nataka kuongeza masanduku ya pembeni na taa 2 za wati 20. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Mkuu, fika injini ikiwa baridi. Kelele za cheni ya taimingi (ile ya ndani ya injini inayoendesha vali) na moshi hujitokeza dakika za mwanzo, kwa hiyo ukikuta imeshapashwa moto, subiri ipoe. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele: ukitoka na oili, sili (mipira inayozuia oili) zimekufa, na oili hiyo ikifika kwenye pedi, breki hazishiki. Halafu linganisha namba ya fremu na kadi. Zikitofautiana, ondoka.

Jibu: Pima chaji pia. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, 13.8 hadi 14.5. Taa zako mbili ni wati 40, yaani ampea 3.3. Weka relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, waya wa milimita 1.5 za mraba. Usiunge kwenye waya wa taa kubwa! Swichi ya usukani inaweza kuungua.

Jibu: Masanduku: vitu vizito viwe chini na mbele, uzito ulingane pande zote. Kaza springi ya nyuma, kisha rudia kukagua bolti baada ya km 100.