Naomba ushauri: mauaji yanameza mtaa
Wandugu, ninakata filamu ya dakika 52 juu ya wamotari (waendesha pikipiki za abiria) watatu waliouawa usiku katika kartiye yetu hapa Goma. Nikianza na miili, watu wanakaza macho. Nikifika kwenye lava ya volkano Nyiragongo ya Mei 2021, njia zenye giza, benki zilizofungwa waasi wa M23 walipoingia Januari 2025, wanachezea simu. Nikitanguliza hayo, ni kama ninawatafutia wauaji sababu.

Mama mmoja amenipa dakika moja tu: anapangusa kofia ya pikipiki ya mwanawe, hasemi neno. Inashinda damu yote niliyo nayo (na ninayo nyingi mno). Niiweke mwanzo ao katikati? Na washukiwa wasiohukumiwa, sura zao nizifiche?