Naomba ushauri: AODV au OLSR nodi zikiwa kwenye mwendo mkali?

Wakuu, habari zenu. Nalinganisha itifaki (kanuni) mbili za kutafuta njia ya data, AODV (hutafuta njia pale tu inapohitajika) na OLSR (huandaa njia mapema), kwenye mitandao ya simu isiyo na mnara, natumia ns-3 (programu ya kuiga mitandao) na nodi (vifaa) 50. Nodi zikitulia, OLSR inapendeza: njia ipo tayari, pakiti (kifurushi cha data) inaondoka papo hapo. Nikipandisha mwendo hadi mita 20 kwa sekunde, pakiti zinapotea ovyo. Taarifa za topolojia za OLSR (nani kaunganishwa na nani) hutumwa kila sekunde 5, na mara nyingi kiungo kimeshakatika kabla habari haijaenea. AODV inahimili, ila pakiti ya kwanza husubiri njia itafutwe, na mimi nasafirisha sauti. Je, nifupishe huo muda wa sekunde 5 wa OLSR, au mtandao utajaa taarifa hizo tu? Na mnarudia jaribio mara ngapi ndipo muyaamini matokeo? Nimekwama kweli, nisaidieni.