Mamangu moyo wamwenda ovyo, sasa ati amepona ataka kuacha dawa. Nishaurini jamani

BintiLikoni:
Asalaam alaikum wapendwa, naandika hapa nangoja feri kwa hivo mnisamehe nikikoroga maneno. Mamangu ana miaka 67, presha anayo tangu zamani, apika mahamri na mbaazi za kuuza kila asubuhi. Miezi miwili nyuma akaanza kusema moyo wampapatika kama kuku aliyefungwa miguu, mara watulia mara waanza tena, akitembea kidogo tu pumzi hakuna, na siku moja kizunguzungu kilimshika yuko mbele ya karai la mafuta, wallahi Mungu tu. Shangazi akasema hilo ni jicho la watu kwa sababu biashara yaenda, akaletewa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, akanywa. Mimi nikampeleka hospitali akapigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akapimwa damu na moyo ukaangaliwa kwa ile mashine ya eko, daktari akasema ni AF, yani atriali fibrilesheni. Akapewa bisoprolo ya kupunguza mbio na rivaroksabani ya kuzuia damu isigande.

Sasa wiki tatu moyo umetulia na mama asema amepona. Ile ya mbio atameza, hii ya damu haoni kazi yake. Na jirani amemwambia ameze aspirini ndogo tu, bei ya peremende. Nisiwadanganye, mfuko wangu wamuunga mkono huyo jirani. Ni sawa? Na hii AF hasa ni nini maana daktari alieleza mbio mbio na nje foleni ilikuwa hadi kwa mlango.

Nesi_Mstaafu_Tudor:
Wa alaikum salaam mwanangu. Asiache, na aspirini si mbadala. Ntakwambia kwa nini.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu viwili vya chini. Vya juu vyatakiwa vikaze kwa pamoja visukume damu iteremke. Kwa AF ule umeme wa moyo wachafuka, vyumba vya juu havikazi tena, vyatetemeka tu. Damu yazubaa humo, hasa kwenye kijifuko kimoja upande wa kushoto, na damu ikizubaa yaganda. Tonge likichomoka kutoka huko mara nyingi lapanda juu, kichwani, ndo hapo watu waamka asubuhi mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Mwenye AF hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nayo.

Sasa sikiza vizuri. Bisoprolo yapunguza mbio, ndo maana mama asikia nafuu. Haifanyi chochote kwa tonge. Rivaroksabani ndo yazuia tonge, na ikifanya kazi yake mama hatasikia kitu, hapo ndipo watu wengi waponzeka, wataka kuisikia dawa. Na AF yenyewe ni mjanja, kwa wengine yaja na kuondoka, wengine hawaisikii kabisa. Daktari haangalii kama moyo wapapatika leo, aangalia umri kupita 65, presha, sukari, moyo dhaifu, kiharusi cha zamani. Mamako hapo ana mbili tayari.

Aspirini kwa AF kinga yake ni ndogo sana na bado yaweza kumtoa damu tumboni. Hasara juu ya hasara.

TuktukKisauni:
Mm nilikuwa 34 yrs nikapatikana nayo 😂 usiku kucha natafuna muguka na vile vinywaji vya nguvu vya kopo, nalala masaa mawili tu. Siku moja moyo ukaenda mbio mpaka nikapaki tuktuk kando nikamwambia abiria shuka. Daktari hakunifokea alinionyesha karatasi ya ECG tu, mistari imekaa kama maandishi ya mtoto wa nasari. Pombe pia aliuliza. Nimewacha, haijarudi, lakini hadi leo nikisikia moyo umeruka hatua moja nashika mkono najipima

Bi_Kibokoni:
Dadangu uliza pia kama alipimwa thairodi, ile tezi ya shingoni. Mimi yangu ilitoka huko, nilikuwa nakonda huku nakula, mikono yatetemeka, joto kila saa, watu wakasema nimeingiliwa. Kumbe rovu limechangamka. Walipotibu hiyo moyo nao ukatulia. Na kombe la shangazi msiligombanie bibi, anywe kombe na ameze dawa, mbona hivyo viwili havipigani.

Baba_wa_Mapacha:
Usimpe mama dawa ya mtu mwengine hata kama ni ugonjwa huohuo. Ndugu yangu AF yake yatokana na valvu ya moyo kuziba, iliharibika udogoni kwa ile homa ya baridi yabisi inayofuata koo, yeye hizi dawa mpya hazimfai, yuko kwa warfarini. Hiyo ni bei nafuu ila ina kazi, lazima apimwe damu mara kwa mara, kile kipimo cha INR cha kuona yaganda kwa kasi gani, kikae kati ya 2 na 3. Na mboga za majani, mchicha sijui sukuma wiki, hakatazwi lakini asile mlima leo kesho asiguse, akibadilisha kipimo chapanda na kushuka. Sasa kama pesa ndo shida muulize daktari wake kuhusu warfarini, kuliko kuacha kimyakimya.

BintiLikoni:
Mungu awalipe. Sasa mumenitia baridi, mama ana magoti na huwa anunua diklofenaki ya maumivu kwa duka la dawa kama anunuaye chapati 😭 Na je Ramadhani? Na kuna mtu kaniambia moyo wapigwa shoti ya umeme ukatengenea, ni kweli?

Nesi_Mstaafu_Tudor:
Diklofenaki na Brufen aziache leo leo, pamoja na dawa ya damu zaweza kumtoboa tumbo. Panado kwa kipimo, na magoti yapelekwe kliniki yasemewe. Akiona choo cheusi kama lami au damu haikatiki, hospitali.

Rivaroksabani yake yaliwa na chakula, tumbo tupu haishiki vizuri. Mara nyingi ni mara moja kwa siku kwa hivo Ramadhani yaweza kukaa na futari, lakini mpange na daktari kabla, atataka kuangalia figo pia.

Shoti ni kweli, mtu alazwa usingizi moyo urudishwe kwenye mpigo wake. Kuna na kuchoma vile vijisehemu vinavyoleta fujo, kwa mrija unaopitia kwenye paja. Si kila mtu ahitaji, na hata akifanyiwa, mtu wa hatari kama mamako huambiwa aendelee na dawa ya damu.

Jifunze kumpima. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima kwa saa. Mpigo mzuri ni kama chakacha, wajua lini warudi. AF ni kama matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati.

Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, hata yakipita kwa dakika tano, usingoje asubuhi. Mkimbize.

BintiLikoni:
Nimempima jana usiku. Mabati 😔 na yeye yuwacheka asema hasikii kitu. Nikamsomea yote yenu mpaka mwisho, akanyamaza, akaenda akatoa zile diklofenaki kwenye kopo la iliki alikozificha. Alhamisi twarudi kwa daktari tuulize bei na thairodi. Swali lake moja tu, ati kahawa chungu ya jioni nayo mwamkataza?

Bi_Kibokoni:
Kikombe kimoja anywe mama wa watu. Ikiwa yamrusha moyo atajua mwenyewe.